Alitoka mugoti bila kidonda

Mwaka jana, mu shimo moja ambayo sitataja jina, jiwe la juu lilianguka wakati wa zamu ya usiku. Ndugu mmoja wa timu alibaki gizani saa 6, kifua kimebanwa kati ya mbao na ukuta, na mwenzake aliyekuwa pembeni hakuitika tena. Walipomutoa, munganga alimupima: hakuna mufupa uliovunjika, ngozi kidogo imetoka kwenye kiwiko, basi. Akapewa siku 10 za kupumzika. Siku ya 11 alikuja kazini, akavaa kofia, akawasha taa, akafika mbele ya kaje ya kushukia, na miguu ikakataa. Akabaki pale anatetemeka sawa mutu wa malaria.

Munganga akaandika «apte». Kapita akasema: «Ule anajifanya, anatafuta paka pension.» Sisi wadelege tukapeleka maneno yake mu mukutano na wakubwa. Kadre mmoja akasema: «Basi mumupeleke kwa Freud!» Meza yote ikacheka. Nitasema ukweli, na mimi nilicheka. Sikujua huyo Freud ni nani, lakini mutu hapendi kuonekana mujinga mbele ya wakubwa.

Kisha siku mbili nikakutana na muke wake kwenye bomba la maji. «Yaya, kila usiku analamuka analia, anatupa blanketi, anaita jina la ule mwenzake. Watoto banaogopa kulala mu nyumba.» Nikasikia haya juu ya kile kicheko changu. Mutoto wangu mwanamuke anasoma chuo kikuu, nikamuomba aniletee vitabu. Nilisoma pole pole, kamusi pembeni, miezi mingi. Ninaandika hapa yale niliyokuta, maana yanatuhusu sisi watu wa kazi ya mikono kuliko vile yule kadre alivyofikiri.

Reli ilitangulia

Mambo haya hayakuanza na Freud. Yalianza na reli. Katika Uingereza, miaka ya 1860, treni zilikuwa zinagongana, na watu waliotoka wazima mu mavago walianza, kisha siku chache, kutetemeka, kukosa usingizi, kushindwa kazi. Munganga mupasuaji wa London, John Eric Erichsen, alitoa kitabu mwaka 1866: alisema uti wa mugongo umetikiswa, hata kama jicho halioni kitu. Makampuni ya reli hayakupenda maneno hayo, juu tribinali zilikuwa zinayalazimisha kulipa. Mwaka 1883 munganga mwingine, Herbert Page, akajibu kwamba uti wa mugongo mara nyingi hauna kitu, ni woga wenyewe ndio unamugonjesha mutu. Huyu Page alikuwa munganga wa kampuni ya reli. Sisi wa sendika tunajua namna ya kusoma jambo kama hilo. Lakini ajabu ni hii: mutu wa kampuni ndiye aliyefika karibu zaidi na ukweli. Woga peke yake unaweza kusimamisha mwili. Alikosea tu wale waliofikiri kwamba kama ni woga, basi haiko ugonjwa.

Katika Ujerumani sheria ya bima ya aksida za kazi ilitoka mwaka 1884. Mwaka 1889 munganga wa Berlin, Hermann Oppenheim, aliandika juu ya wafanyakazi waliopata mushtuko, akaita ugonjwa wao «nevroze ya troma». Ofisi kuu ya bima ya serikali ikakubali kwamba mugonjwa wa namna hiyo anaweza kulipwa. Hapo hapo waganga wengine wakaanza kupiga kelele: huo ni «ugonjwa wa pension», sheria yenyewe ndiyo inayouleta! Kumpe lile neno la kapita wetu limepita miaka 100.

Kijana wa gari ya mukono

Mwezi wa 10, mwaka 1885, munganga kijana wa miaka 29 alifika Paris na bursi ndogo. Jina lake Sigmund Freud. Alizaliwa tarehe 6 Mei 1856 mu muji mudogo wa Freiberg, ambao leo unaitwa Příbor, katika Cheki. Baba yake alikuwa Muyahudi mwenye kuuza manyoya ya kondoo, na jamaa ilihamia Vienna mutoto akiwa na miaka 4. Paris alikuja kujifunza kwa munganga mukubwa Jean-Martin Charcot, mu hospitali ya Salpêtrière.

Wakati ule waganga walisema histeria ni ugonjwa wa wanawake tu. Hata neno lenyewe linatoka mu Kigiriki, maana yake tumbo la uzazi. Charcot alionyesha kwamba inashika hata wanaume wenye nguvu, watu wa kazi, kisha aksida. Alikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anasukuma gari ya mukono mu barabara ya Paris. Gari ya farasi ilimugonga, ikamutupa pembeni. Magurudumu hayakumukanyaga hata kidogo. Lakini yeye aliamini kabisa kwamba yalipita juu ya miguu yake, na miguu ikafa ganzi, hakuweza kutembea. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaota gari ile ikimupita juu. Charcot aliweza kulaza mutu kwa maneno, ile wanaita ipnozi, na akiwa amelala hivyo akamwambia mukono wako umekufa, na mukono unakufa. Akamwambia tena umepona, unapona. Sasa fikiri: kama neno moja linaweza kusimamisha mukono, kwa nini jiwe la mugoti lishindwe kusimamisha miguu?

Tarehe 15 mwezi wa 10, 1886, Freud alirudi kueleza hayo mbele ya shirika la waganga wa Vienna: wanaume na wao wanapata histeria. Hawakumupokea vizuri.

Dawa ya kuongea

Pale Vienna alikuwa na rafiki mukubwa kwake kwa umri, munganga Josef Breuer. Toka 1880 mpaka 1882 Breuer alikuwa amemutunza binti wa miaka 21, Bertha Pappenheim, aliyekuwa anamutunza baba yake mugonjwa. Mukono wa binti uliganda, macho yalisumbua, siku ingine alisahau Kijerumani, akasema Kiingereza tu. Breuer alikuwa anakaa naye jioni na kumuacha aseme. Aliposema namna alama moja ilivyoanza, na uchungu wake wote ukatoka, alama ile ilipunguka. Binti mwenyewe ndiye aliyeita hiyo «dawa ya kuongea», na kwa kuchekesha akasema ni kama kusafisha bomba la moshi. Ninapenda tukumbuke hilo: jina la kwanza la dawa hii halikutoka kwa munganga, lilitoka kwa mugonjwa.

Breuer na Freud waliandika habari hiyo mu kitabu cha 1895, wakamupa binti jina lingine, Anna O. Kitabu kinaonyesha sawa vile alipona. Ukweli ni kwamba kisha Breuer alilazwa tena mu hospitali. Kupona kwake kulikuja pole pole, kwa njia yake mwenyewe: mwaka 1904 alianzisha shirika la wanawake Wayahudi wa Ujerumani, akapigana sana na watu waliouza mabinti.

Freud aliacha ipnozi. Akamulaza mugonjwa kwenye sofa, yeye akakaa nyuma ya kichwa chake asionekane, akamwomba aseme kila kitu kinachokuja, hata cha haya, hata cha ujinga. Neno «psychanalyse», pisikanalizi, lilionekana mara ya kwanza mwaka 1896 mu andiko alilotoa kwa Kifaransa, ingawa yeye ni mutu wa Kijerumani.

Wazo lake kubwa mutu wa mugoti atalishika haraka. Akili haiko chumba kimoja. Kuna ile ya juu, yenye mwanga, tunayojua. Chini yake kuna galeri ambazo tumefunga wenyewe, juu mule kuna mambo yanayotutisha au kutuaibisha. Lakini galeri iliyofungwa haikufa, maji yanaendelea kujaa, na presha inatokea pengine: mu ndoto, mu ulimi unaoteleza, mu mukono unaoganda. Kitabu chake cha ndoto kilitoka mwisho wa 1899. Walichapa vitabu 600, na ilichukua miaka 8 kuvimaliza.

Sasa kuna lile jambo ambalo mapadiri na hata waganga walikataa: Freud alisema mutoto mudogo tayari ana tamaa za mwili, na mutoto mwanaume anamupenda mama yake na kumuonea baba yake wivu. Mimi siyamezi yote. Kwetu Wabemba, mwenye sauti juu ya mutoto ni mujomba, ndugu wa mama. Baba ni baba, lakini mujomba ndiye anayeamua. Kumpe swali hili liliulizwa zamani: Bronislaw Malinowski, aliyekaa mu visiva vya Trobriand kule Pasifiki, ambako ukoo unafuata mama, aliandika mwaka 1927 kwamba mutoto kule anaogopa mujomba, si baba. Wafuasi wa Freud walimukatalia. Mimi ninamupa Malinowski haki.

Watu wa siku ya tatu

Mwaka 1902 waganga 4 walianza kukutana nyumbani kwa Freud, Berggasse 19, kila Jumatano, «siku ya tatu» kama tunasemaka. Kati yao alikuwa Alfred Adler, aliyezaliwa 1870, mutoto wa muuza nafaka. Huyu ndiye ninamupenda zaidi. Alikuwa musosialiste, na kitabu chake cha kwanza, mwaka 1898, hakikuwa cha ndoto: kilikuwa kitabu cha afya ya washona nguo, juu ya magonjwa yanayotoka mu kazi yao na mu nyumba zao. Ni kusema, alikuwa anaandika juu ya magonjwa ya kazi mbele ya wengi wetu kuzaliwa na sendika zetu.

Adler alisema kinachomusukuma mutu zaidi ni ile hali ya kujiona chini ya wengine, toka utoto, na nguvu anayotumia ili apande. Wakati tunasema mu kampi «ule iko na komplekse», tunasema Adler bila kujua. Freud hakukubali. Mwaka 1911 wakaachana, na Adler akaondoka na watu wake. Kisha vita alifungua mu Vienna ofisi za kushauri wazazi na walimu wa masomo ya serikali.

Mwingine ni Carl Jung, Muswisi, aliyezaliwa 1875, munganga wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, mu Zürich. Yeye ndiye aliyeeneza neno «komplekse». Walipokutana mara ya kwanza na Freud mwaka 1907 waliongea saa 13. Freud alimuona sawa mutoto wake na mwenye kumurithi, lakini mwaka 1913 ilikuwa imekwisha. Jung alifika hata upande wetu huu wa Afrika: mwaka 1925 alishuka Mombasa, akaenda mpaka mulima Elgon, akiongea na watu kwa Kiswahili kidogo alichookota njiani. Alimuuliza muzee mmoja, munganga wa kienyeji, juu ya ndoto. Jung aliandika kwamba muzee alimujibu kwa uchungu: zamani waganga walikuwa wanaota juu ya vita, ugonjwa na mvua, lakini toka Waingereza waingie mu inchi, hakuna anayeota tena, juu mukubwa wa wilaya anajua kila kitu. Nilimusomea baba yangu neno hilo, yeye aliyezaliwa mu kampi wakati wa Wabelgiji. Hakucheka. Alisema tu: «Ni vile.»

Umeme kwa wenye kutetemeka

Vita ya kwanza ya dunia, 1914 mpaka 1918, ndiyo ilirudisha swali la reli, mara elfu. Askari walitoka mu mahandaki bila kidonda, lakini wanatetemeka, hawasemi, hawatembei. Mafundi wa vita wakasema lile lile: wanajifanya. Mwaka 1916, mu mukutano wa waganga mu München, Oppenheim na «nevroze ya troma» yake walishindwa. Mwaka ule ule munganga Fritz Kaufmann alitangaza dawa yake: umeme wa nguvu mwilini, pamoja na amri za kupiga kelele, mpaka askari akubali kwamba amepona. Freud aliandika baadaye kwamba mu hospitali za Ujerumani kulikuwa hata waliokufa mu matunzo hayo.

Kisha vita, mwaka 1920, komisyo ya serikali ya Austria ilisikiliza malalamiko ya askari. Kati ya walioshitakiwa ni Julius Wagner-Jauregg, profesere mukubwa wa Vienna, ambaye mwaka 1927 angepata zawadi ya Nobel. Freud aliitwa kama mutu wa kutoa maoni. Hakumuita profesere mutu mubaya, alisema anamuamini. Lakini alisema wazi: wanaojifanya kweli walikuwa wachache, askari wengi walikuwa wagonjwa. Na waganga walipewa kazi sawa mitrayeze iliyowekwa nyuma ya mustari, kuwarudisha mbele wale wanaokimbia. Maana ya umeme ule ilikuwa kufanya ugonjwa uwe na uchungu kuliko vita. Komisyo ilimuacha Wagner-Jauregg bila kosa. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza, nikaenda kukaa inje. Munganga anayelipwa na yule anayetaka mutu arudi kazini, anamutumikia nani? Swali lilikuwa pale mezani, 1920, na Freud ndiye aliyeliweka.

Waganga wengine walikuwa wamefanya tofauti. Ernst Simmel, musosialiste, aliongoza hospitali ya askari mu Posen, ambayo leo ni Poznań, inchi ya Poland. Aliwalaza askari kwa ipnozi, akawaacha wasimulie, na hata akatengeneza sanamu ya nguo ili wapige na kumwanga hasira yao. Sándor Ferenczi, Muhungaria, na yeye munganga wa jeshi, alifanya kazi karibu na hiyo.

Tarehe 28 na 29 mwezi wa 9, 1918, wote walikutana Budapest. Kwa mara ya kwanza wajumbe wa serikali walikuja kusikiliza, juu ya askari wale. Freud, ambaye wagonjwa wake walikuwa zaidi matajiri wa Vienna, akasema neno ambalo mutu hakungojea kwake: siku moja dunia itakumbuka kwamba masikini ana haki ya kusaidiwa akili yake sawa vile ana haki ya kupasuliwa, na kwamba nevroze zinaharibu afya ya watu sawa kifua kikuu. Akataka vituo vya bure. Akasema pia kwamba kwa watu wengi itabidi kuchanganya zahabu safi ya pisikanalizi na shaba ya maneno ya kutia moyo. Sisi watu wa Katanga tunaweza kumujibu kwamba shaba haiko kitu kidogo hivyo.

Na walifungua. Mwezi wa 2, mwaka 1920, Max Eitingon na Simmel walifungua kituo mu Berlin, kwenye Potsdamer Strasse. Eitingon alitoka mu jamaa ya wauza ngozi za manyoya, na kituo kilisimama juu ya feza yake mwenyewe. Mugonjwa alilipa kile alichoweza, na asiyekuwa nacho hakulipa. Vienna ilifuata mwezi wa 5, 1922. Pale ndipo watu kama Karen Horney, Otto Fenichel na Wilhelm Reich walifanya kazi, wakisikiliza watumishi wa nyumba, wafanyakazi wa viwanda, watu bila kazi.

Freud mwenyewe wale watu wa mushtuko walimubadilisha. Alikuwa amefundisha kwamba kila ndoto inatimiza hamu fulani. Lakini mutu wa aksida anarudi kila usiku pale pale, chini ya treni, mu handaki, analamuka na woga ule ule. Hamu gani hapo? Mu kitabu chake cha 1920 alikubali kwamba fundisho lake halikutosha. Ni kama akili inajaribu kisha saa kujitayarisha kwa pigo ambalo halikutayarishiwa. Nilisoma ukurasa huo mara tatu, nikaupeleka kwa muke wa ndugu yetu, nikamweleza mu Kiswahili. Alisema: «Kumpe banamujua.»

Mwisho wao haukuwa muzuri. Mwaka 1926 ofisi kuu ya bima ya Ujerumani iligeuza neno: nevroze kisha aksida haitalipwa tena. Tarehe 10 Mei 1933 Wanazi walichoma vitabu vya Freud mu Berlin. Eitingon akaenda Palestina, Simmel akaenda Marekani. Mwezi wa 6, mwaka 1938, Freud, muzee wa miaka 82 mwenye kansere ya taya, alipanda treni akakimbia Vienna. Alikufa London tarehe 23 mwezi wa 9, 1939. Dada zake 4 waliobaki walikufa mu kambi za Wanazi.

Nilirudi kwenye mukutano na wakubwa na kurasa zangu. Nilieleza Page, Oppenheim, kijana wa gari ya mukono, na ile komisyo ya 1920. Mara hii kadre yule hakucheka, aliandika vitu mu kaye yake. Tuliomba mambo mawili: ndugu apimwe na munganga wa akili asiyelipwa na kampuni, na asiandikwe «apte» ya kushuka mbele ya hapo. La pili walikubali kwa miezi mitatu. La kwanza hawajajibu. Sendika imelipa safari, amekwisha kuonana na munganga mara nne, na karatasi iko mu dosie.

Kwa sasa anafanya kazi juu, mu nyumba ya taa. Mushahara umepunguka kwa sababu hana tena posho ya chini ya udongo, na hilo tutalisema mu mukutano wa mwezi ujao. Muke wake anasema analamuka mara moja tu kwa usiku, na siku ingine anamusimulia.